Mirihi ndani ya kinu

Roketi ya kwanza ambayo Bibi yangu aliisikia maishani mwake ilinguruma ndani ya kinu chake mwenyewe, kile cha kutwangia makopa. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Septemba 2021, saa mbili usiku, kwetu Newala. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Nilikuwa nimekilaza kinu ubavu juu ya mkeka, nikaisukuma simu ndani mpaka ikagota kwenye kitako, na sauti iliyotoka haikuwa tena ile nyembamba ya spika ya simu. Ilikuwa nzito, imejaa, kama inatoka kifuani mwa mtu. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu bakuli la udongo, mwangwi ukazidi. Nikajaribu sufuria, kila neno likavaa kelele ya bati. Kinu ndicho kilichokubali.

Bibi akaacha kupeta mbaazi.

"Hiyo mashine gani, mume wangu?"

"Roketi, Bibi. Wanaondoka mwezini, wanakwenda Mirihi."

Akasikiliza kidogo, ungo ukiwa umeinama mikononi. "Mbona inalia kama pampu ya salfa?"

Aliyekulia kwenye mikorosho ataelewa. Kuanzia Juni hivi, alfajiri kabla upepo haujaamka, mota za kupulizia zinawashwa shamba moja baada ya jingine, na ile ngurumo inapanda, inashika pumzi, inabaki juu, kisha vumbi la njano linatoka na kufunika miti. Nilikuwa nimeusikiliza mwanzo wa mchezo ule mara nne peke yangu mjini Mtwara, kwa spika za masikioni, na sikuwahi kuuunganisha na pampu ya salfa. Baada ya Bibi kusema, sijaweza tena kuusikia vinginevyo. Roketi za Mirihi kwangu zinanukia salfa.

Mchezo wenyewe ni wa redio, wa zamani, unaitwa Journey into Space. Uliandikwa na kutayarishwa na Charles Chilton kwa ajili ya BBC, ukaanza kusikika Uingereza Septemba 1953, miaka minne kabla ya Sputnik, setilaiti ya kwanza, kurushwa na minane kabla ya Yuri Gagarin kuizunguka Dunia. Fikiria hilo. Watu walikaa sebuleni wakasikiliza safari ya angani wakati ambapo hakuna kitu chochote cha binadamu kilichokuwa kimewahi kuzunguka Dunia, hata bati tupu. Inasemwa kwamba huu ndio uliokuwa mchezo wa mwisho wa redio kule Uingereza kupata wasikilizaji wengi usiku kuliko watazamaji wa televisheni, na mimi sishangai.

Mfululizo wake wa pili, The Red Planet, ndio ninaouzungumzia. Una vipindi 20 vya nusu saa. Cha kwanza kilirushwa Jumatatu, tarehe 6 Septemba 1954, na cha mwisho Jumatatu, tarehe 17 Januari 1955. Siku moja nikiwa kibandani kwangu (mimi ni fundi simu) nilifungua kalenda kwenye simu ya mteja niliyokuwa naijaribu kioo, nikagundua kwamba mwaka 2021 unafuatana na 1954 siku kwa siku. Jumatatu zote zilikuwa palepale. Na mimi mwezi huo nilikuwa napanda Newala kumsaidia Bibi msimu wa korosho, kuanzia kufyeka chini ya miti hadi mnada. Vipindi vyote 20 vilikuwa tayari kwenye memori kadi. Nikajiwekea nadhiri kwamba nitasikiliza kimoja kwa wiki, usiku wa Jumatatu, kama walivyosikiliza wenyewe, na sitaruka mbele hata nikikosa usingizi.

Nadhiri hiyo ilikuwa yangu. Bibi kuwemo haikuwa katika mpango. Bibi hajui Kiingereza.

Usiku ule wa kwanza nilifanya makosa ya wakalimani wote wapya: nilisimamisha kila sentensi ya tatu nieleze. Huyu ndiye nahodha, anaitwa Jet Morgan. Huyu ni Mitch, mhandisi, mtu wa Australia. Huyu ni Lemmy, fundi redio, mtoto wa London. Huyu anayesimulia ni Daktari, ndiye anayeandika daftari la safari. Dakika kumi hazijaisha Bibi akaweka ungo chini.

"Waache waseme," akaniambia. "Wewe utanieleza wakinyamaza."

Basi ukawa utaratibu wetu. Nusu saa ya kusikiliza bila neno, halafu mimi nahadithia upya kwa Kiswahili, naye anahoji. Kuna Jumatatu kuhadithia kulichukua saa nzima. Na mara nyingi nikianza tu ananikatiza, "Hapo pa kugombana nimepaelewa, endelea." Alikuwa amepaelewa kweli. Alijua nani anaogopa na nani anajifanya haogopi. Lemmy alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu, alivyosema, huyo akiogopa anasema. Nahodha alimwona mtu mzuri lakini mkavu. Katika kipindi cha tatu au cha nne akaniambia kitu ambacho sikuwa nimemweleza: kwamba sauti ya mtu anayefungua mchezo na sauti za watu kadhaa wa pembeni ndani yake ni za mtu mmoja. Ni kweli. David Jacobs alikuwa mtangazaji wa mchezo na papo hapo akaigiza watu kadhaa. Mimi nilijua kwa kusoma. Bibi alijua kwa kusikia, maana yeye mwenyewe miaka yote amekuwa sungura na fisi na mama mzazi wa fisi ndani ya hadithi moja, na anajua koo linavyogeuka.

Yupo pia bwana mmoja wa ajabu kwenye msafara, nitarudi kwake. Kwanza niseme kuhusu masimulizi, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike.

Michezo mingi ya sauti ya siku hizi inanichosha. Nimesikiliza ya Kiingereza na michache ya Kiswahili, na karibu yote inaogopa ukimya. Mlango ukifunguliwa lazima muziki uruke, mtu akitembea lazima nyuma yake kuwe na upepo, na radi, na mbwa. Unamaliza kipindi umepigwa na kelele lakini hujafika popote. Mchezo huu wa 1954 unafanya kinyume. Daktari anafungua daftari lake. Anasema ni siku ya ngapi ya safari, chombo kiko wapi, nani yuko zamu, nani amelala, nani hali chakula chake. Anasema taratibu, bila kukutisha, kama daktari wa zamu anayekabidhi wodi. Muziki wa Van Phillips unapita chini yake mara moja na kuondoka. Halafu sauti yake inafifia na wewe umo ndani ya chombo.

Kuna mahali nahodha anaita kwa redio chombo kimojawapo cha mizigo. Anaita kwa namba yake. Hakuna jibu. Anaita tena kwa sauti ileile, hajaipandisha. Kinachofuata ni ule mvumo mdogo wa mtambo ulio wazi na haupokei kitu, basi. Sijui ni sekunde ngapi. Nilimwangalia Bibi kwenye mwanga wa taa ya sola: kiganja chake kilikuwa kimejaa mbaazi na kimesimama juu ya ungo, hakishuki. Nje kulikuwa na nyenje na jenereta la mtu mbali huko. Nyenje wakaingia kwenye mchezo. Wakawa ni sehemu ya mtambo usiojibiwa. Halafu mbaazi moja ikadondoka kwenye ungo na mimi nikashtuka kama nimeguswa.

Hiyo mbaazi haikuandikwa na Charles Chilton. Lakini ndiye aliyeacha nafasi idondoke. BBC ilianzisha kitengo maalumu cha kutengeneza sauti za ajabu, Radiophonic Workshop, mwaka 1958, yaani baada ya mfululizo huu kwisha. Waliofanya The Red Planet walikuwa na waigizaji, okestra, na akili ya kujua wapi wakae kimya.

Nadhani nilikuwa nimeandaliwa kuupenda tangu utoto. Babu, mume halisi wa Bibi, alikuwa na redio ya bendi tatu. Betri zikichoka alizianika juu ya bati mchana kutwa, na jioni zilikuwa na uhai wa kumalizia taarifa ya habari. Waya wa shaba ulitoka nyuma ya redio, ukapita dirishani, ukapanda mwembe. Usiku ndipo ilipokamata vizuri, na hata hivyo sauti ilikuwa ikipanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Ikishuka sana, watangazaji wa Kireno wa ng'ambo ya Ruvuma wanaingia. Nilipokuja kujifunza ufundi nikajua sababu. Mawimbi mafupi hayasafiri kwa kulala juu ya ardhi. Yanapanda hadi kwenye tabaka la juu la anga lenye chaji ya umeme, kilomita mia kadhaa juu yetu, kisha yanarudishwa chini mbali na yalikotoka. Mchana kuna tabaka jingine chini yake linaloyanyonya, na jua likizama tabaka hilo linatoweka. Kwa hiyo kila usiku, mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyokuwepo tangu 1957, alikuwa anapelekwa hadi kwenye mlango wa anga za juu ndipo ashuke Newala kwenye mwembe wa Babu. Sauti iliyofika ilikuwa na alama za njia. Niliposikia kwa mara ya kwanza vyombo vya Jet Morgan vikizungumza wao kwa wao, na ule mkwaruzo katikati ya maneno, sikuhisi kwamba nasikia kitu kipya. Nilihisi niko nyumbani, nimekaa karibu na miguu ya Babu.

Na kungoja pia tulikuwa tumeshafundishwa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, mara mbili kwa wiki, na watu wazima wenye heshima zao walikuwa wakibishana kisimani kuhusu Mkwaju, dereva wa lori, kana kwamba ni shemeji yao. Kisimani hasa, maana juu ya uwanda wetu huu maji ni shida na foleni ni ndefu. Mchezo wa nusu saa unaweza kujadiliwa mpaka ndoo ya arobaini ijae. Kungoja ndiko kulikomkuza Mkwaju. Ukipewa vipindi vyote kwa usiku mmoja unavimeza, na kesho yake hukumbuki hata ulichokula.

Ugumu wangu mkubwa ulikuwa maneno. Mchezo una msafara wa vyombo tisa, kimoja cha kamanda na vinane vya mizigo. Nilianza kusema "vyombo vya mizigo", Bibi akasema sema majahazi. Basi yakawa majahazi. Kamanda akawa nahodha, mizigo ikawa shehena, zamu zikawa zamu. Mtu anayetembea nje ya chombo kwa kamba tulimwita mzamiaji. Kila neno la baharini nililolitumia liliingia bila kusukumwa, kama vile lilikuwa linangoja kazi hiyo, na hili linaniuma kidogo. Tuna Mirihi, Zuhura, Mshtarii na Zohali. Tuna msamiati wa watu waliovuka bahari na kurudi kwa kusi na kaskazi wakitazama nyota. Sijasikia bado mchezo wa sauti wa Kiswahili, wa mfululizo, wa kwenda mbali kabisa, wenye subira ya namna hii. Vifaa vya kurekodia viko mifukoni mwetu, na simu mbovu zenyewe nazitengeneza mimi. Ninautamani mchezo huo kwa moyo wote.

Bibi hakuniachia kitu kipite. Kipindi cha pili akaniuliza, "Ulisema huko hakuna hewa. Sasa sauti zao zinapita wapi?"

Nikamweleza kwamba ndani ya jahazi hewa ipo, wamebeba, na mngurumo wa mashine unawafikia kupitia chuma cha jahazi lenyewe. Kati ya jahazi na jahazi sauti haipiti kabisa. Kinachopita ni mawimbi ya redio, nayo ni ndugu wa mwanga, hayahitaji hewa. Yakifika yanatikisa spika, na spika inazaa sauti upya.

"Kwa hiyo anayesikia hasikii sauti ya mwenzake. Anasikia nyingine iliyozaliwa hapo."

"Ndiyo, Bibi."

"Kama mimi ninavyosikia maneno yao kwako."

Usiku huohuo alitaka aonyeshwe Mirihi. Tukatoka uani. Zuhura ilikuwa inaning'inia magharibi, kubwa na nyeupe. Juu kabisa, karibu na utosi, Mshtarii na Zohali. Mirihi haikuwepo na nilijua haitakuwepo: miezi ile ilikuwa inaelekea nyuma ya jua. Tarehe 8 Oktoba ilipita upande wa pili wa jua ikitazamwa kutoka kwetu, karibu kilomita milioni 400, umbali ambao wimbi la redio linauvuka kwa dakika 22 hivi kwa kwenda tu. Gesi ya moto inayolizunguka jua inaharibu mawasiliano, kwa hiyo NASA ilisitisha kutuma amri kwa mitambo yake iliyoko Mirihi kuanzia tarehe 2 hadi 16 Oktoba. Perseverance, iliyotua kule Februari mwaka uleule, ilikaa majuma mawili bila kuagizwa kitu.

Jumatatu mbili ziliangukia ndani ya ukimya huo, vipindi vya tano na vya sita, na kwenye mchezo bado tuko njiani. Sikutegemea jambo hilo lingenigusa vile. Nilikuwa nakaa pale nikisikia watu wa kubuni wa 1954 wakiitana bila kujibiwa, na wakati huohuo nikijua kwamba kule kwenyewe, kwenye vumbi jekundu halisi, kuna mtambo umetulia hauambiwi neno na mtu. Nilimweleza Bibi. Akasema basi wiki hizi tusipige kelele.

Novemba ilipoingia alinilipa. Alinitoa nje akanionyesha Kilimia, kile kishada cha nyota, upande wa mashariki, giza likiwa limeshika. Babake alimfundisha kukitazama kabla ya kuanza shamba. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," akasema, nami nikamalizia, "kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Alishangaa kwamba nalijua. Nililijua kutoka kitabuni, sikuwahi kukitambua chenyewe angani.

Sasa yule bwana. Kwenye mchezo anaitwa Whitaker. Yumo kwenye wafanyakazi wa msafara, na tangu mwanzo sauti yake ina kasoro: haina joto. Akiulizwa anajibu. Akiamrishwa anatekeleza. Na ana kauli yake moja anayoirudia kwa sauti bapa, kwamba amri lazima zitiiwe bila kuhoji. Kadiri safari inavyoendelea tunajua kwamba si mtu wa kawaida, na kwamba Mirihi wapo wengine kama yeye, watu waliochukuliwa kutoka Duniani zamani, wakafungwa akili, wakapewa kazi, na baadhi yao wanaamini kabisa kwamba bado wako kwao.

Mimi nilipousikia mjini nilimchukulia Whitaker kama kitisho cha mchezo. Nilisisimkwa, nikafurahi. Bibi hata hakungoja nimweleze.

"Huyo ni msukule," akasema.

Nikacheka, maana nilidhani ametania. Hakutania. Akaniambia sauti ya namna ile anaijua, na si kwa sababu ya uchawi. Babake, aliyekufa kabla sijazaliwa, alikuwa manamba. Alishuka Lindi kwenye mashamba ya mkonge akiwa kijana, akapewa kipande chenye siku 30 za kukata, na akapewa namba. Neno lenyewe manamba limetokana na namba. Kwenye kambi hakuwa mtu wa fulani bin fulani. Asubuhi namba yake inasomwa, anaitika, anaingia kwenye mistari ya mkonge, anahesabu mafungu, anarudi. Kipande kikijaa anapata mshahara, kisipojaa hapati. Alikaa huko misimu mingi kuliko alivyoahidi.

"Aliporudi," Bibi akasema, "ukimwita kwa jina lake alichelewa kugeuka."

Simu ilikuwa bado ndani ya kinu, kipindi kimeisha, kioo kimezima. Bibi alisema hayo huku akipeta, na mkono haukusimama kama ulivyosimama siku ile ya redio. Aliniambia kwamba mama yake alikuwa akimwita mumewe kutoka jikoni, mara moja, mara ya pili, naye amekaa kibarazani anatazama mbele. Si kwamba hasikii. Jina lilikuwa linamfikia kwa kuchelewa.

Nimefikiria sana dakika 22 za wimbi la redio tangu siku hiyo.

Nchi yetu hii ya kusini imepeleka watu wengi kwenye amri zisizohojiwa. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Nyasa ilishukia Kilwa na Mikindani. Mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kilima cha Tendaguru, na vijana wa huku wakaibeba kichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na ule mnyama mkubwa leo amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na jina la aliyembeba ubavu wake hakuna anayelitaja. Sidai kwamba Charles Chilton alikuwa anawaza Lindi. Alikuwa London, vita kubwa imetoka kuisha, na kila mtu karibu naye alikuwa ameona jinsi sauti bapa inavyoweza kuamrisha mamilioni. Lakini mchezo ulio na nafasi ndani yake unaruhusu wengine waingie na wafu wao. Ule wa kelele tupu usingemwacha babu wa mama yangu apite mlangoni.

Kuanzia hapo Bibi hakutaka tena nimwite Whitaker adui. Kila Jumatatu swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Yule wa amri amerudi kwenye akili yake?"

Korosho zilikuja vizuri kiasi. Tuliokota, tukaanika, tukapeleka ghalani, tukangoja mnada, tukalalamika bei kama kila mwaka. Nusu ya vipindi vya kati nilivisikiliza mgongo ukiuma na vidole vikiwa na weusi wa mafuta ya maganda. Sina mengi ya kusema kuhusu wiki hizo. Kuna vipindi viwili vitatu vya kutangatanga jangwani ambavyo kwa maoni yangu vingeweza kuwa kimoja.

Cha mwisho kiliangukia tarehe 17 Januari 2022, na mvua ilikuwa imeshaingia. Ilianza saa moja na nusu na kutupiga juu ya bati hivi kwamba hata nikikiinamia kinu nilisikia Mirihi kama mtu anazungumza ng'ambo ya mto. Nikasema tuahirishe. Bibi akasema Jumatatu ni Jumatatu. Tukakaa. Alijifunika kanga mbili, akaweka miguu ndani ya blanketi. Saa nne mvua bado. Saa tano kasoro ikapungua ikabaki michirizi ya paa tu, tone, tone, kwenye ndoo zote tulizotega. Nikawasha. Daktari akafungua daftari lake na kusema kwa sauti yake ya kukabidhi wodi, na matone yakamfuata nyuma mpaka mwisho.

Sitaeleza mwisho wenyewe, kwa kuwa wapo ambao watautafuta. Mwaka 1986 zilikutwa huko BBC sahani za mfululizo huu zilizokuwa zimehifadhiwa mahali pasipo pake, wakati ambapo ilidhaniwa rekodi zote zimeshafutwa. Vile vipindi vya kwanza kabisa vya 1953 havikupatikana. Kwa hiyo kusikia kitu hiki, popote ulipo, ni bahati. Nitasema tu kwamba hadithi haiishii pale. Ina mfululizo mwingine, na watu wa 1955 waliungoja kutoka Januari hadi tarehe 26 Septemba.

Nao nilikuwa nao kwenye kadi. Nikamwambia Bibi, tukitaka hata kesho tunaendelea.

"Wao walingoja mpaka lini?"

"Septemba, Bibi."

"Basi na sisi mikorosho ikitoa maua tena."

Nilishuka Mtwara mwisho wa Januari kurudi kibandani. Aprili nikapanda kumpelekea sukari na sabuni. Nilifika jioni, nikasikia sauti yake kabla sijafika uani, na watoto wa majirani wakiitikia kwa pamoja. Hakuniona. Nikakaa kwenye kizingiti.

Alikuwa anahadithia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimakonde. Palikuwa na majahazi tisa yaliyotweka kutoka mwezini. Palikuwa na nahodha mkavu, na fundi redio mwoga aliyesema akiogopa. Mashine zilinguruma kama pampu za salfa, na watoto wakanguruma. Alipofika pa kuita bila kujibiwa, aliita, akanyamaza, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyodhani angeweza, na hakuna mtoto aliyekohoa. Halafu akaingia yule wa amri, na Bibi alimtolea ile sauti bapa vizuri kuliko mwigizaji wa redioni. Lakini kwake hakubaki Mirihi. Walimpakia kwenye jahazi, wakarudi naye, wakamteremsha stendi ya Newala akiwa amesimama anatazama mbele. Mwanamke mmoja akamwita kutoka jikoni. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili akageuka.

"Alimwitaje?" mtoto mmoja akauliza. "Jina lake nani?"

Bibi akawatajia jina la babake.